Sababu: Mzinga

Nafasi ni mbili kwa mwaka, nchi nzima,
nasi tunaotaka kufungua mafuvu ya watu
tuko arobaini na mmoja,
wote tuna A, wote mikono haitetemeki.
"Alama kila mtu anazo," alisema Profesa Kamuhanda
huku akisaini fomu ya mwingine.
"Umeandika nini? Umechapisha wapi?"

Nilituma barua pepe kumi na tisa.
Moja ilijibiwa: daktari yuko likizo.
Aliyekuwa na takwimu alikuwa na mpwa.
Mwingine akanipa tarakimu za kuingiza, miezi mitatu, usiku,
na jina langu likaishia kwenye shukrani,
tena wamelikosea: Nyangije.

Kisha nikapangiwa Tabora, wiki nane.
Wenzangu wakanipa pole kama nimefiwa.

Chumba cha kumbukumbu, Kitete:
mafaili yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli,
vumbi jekundu hata ndani ya bahasha.
Karani, Bi Kalunde, anatafuna matobolwa.
"Unatafuta nini?"
"Majeraha ya kichwa na uti wa mgongo."
"Ya pikipiki au ya asali?"

Sikumwelewa.
Akavuta kaunta buku la jalada jeusi,
akalipiga kofi moja, akanisogezea.

Mwanamume, 34, Sikonge. Sababu: mzinga. Kamba ilikatika.
Mwanamume, 61, Ipole. Sababu: mzinga. Nyuki walimzidi, akaachia tawi.
Mwanamume, 29. Pikipiki.
Kijana, 17, Kaliua. Mzinga. Miguu haisikii.

Miaka kumi na miwili, mwandiko mmoja, wino wa bluu,
na hakuna aliyemwagiza.
"Nilichoka kuandika *ameanguka*," alisema.
"Kila mtu huanguka. Nikawa nauliza: kutoka wapi?"

Nilitetemeka, nakiri, na haikuwa huruma.
Nilihesabu. Mia mbili na kumi na tatu.
Neno lililonijia lilikuwa *sampuli*.
Nikaliona jedwali, nikaiona grafu yake,
nikauona ule mlango wa watu wawili
ukiachia upenyo wa bega langu.

Kibali cha maadili kilikula wiki tano:
barua, muhuri, barua ya kuomba muhuri,
"mhusika katoka kidogo".
Zilizobaki tatu tulikaa sakafuni, mimi na yeye,
mimi nikisoma, yeye akisahihisha.

"Namba themanini na nane. Mwanamume, arobaini na tano.
Kimo alichoangukia: hakijulikani."
"Mita tisa."
"Humu hamna."
"Mita tisa. Nilikwenda kupima mwenyewe
kwa kamba yake."
Feni ya dari ikazunguka.
"Andika, mwanangu. Tusije tukafika giza."
Nikaandika 9.

Siku ya kuondoka alinipa asali
katika chupa ya soda iliyozibwa kwa nailoni.
"Ya msimu huu," akasema.
"Kuna aliyepanda."

Sasa niko bwenini, saa saba usiku.
Rasimu nimeituma kwa Profesa, na safari hii
amejibu ndani ya saa moja:
kazi nzuri sana, jina langu liwe la mwisho,
na huyu Kalunde M. ni daktari wa hospitali gani?
Kama ni karani, aende kwenye shukrani.

Shukrani. Napajua pale.
Herufi zake ni ndogo, na hakuna anayezihakiki.

Nimefungua chupa, nimelamba kidole.
Ina ukali kidogo kooni, kama moshi.
Kishale kinapepesa mbele ya jina lake.
Maombi yanafungwa Ijumaa.
Nimeandika: *Mheshimiwa Profesa, Bi Kalunde ndiye aliyeuliza*
na hapo nimesimama,
sijafuta, sijatuma,
mita sijui ngapi kutoka chini.